Mkato wa Kiingereza haufuati pumzi

Kazi ya kuhariri ripoti za Kiingereza zinazoandikwa na wenzangu imenifanya niamini kwamba makosa mengi ya mkato yanatokana na kanuni tuliyopewa tangu shule ya msingi, kwamba mkato huwekwa pale msomaji anapovuta pumzi. Kanuni hiyo humfaa anayesoma kwa sauti, lakini Kiingereza cha leo huweka mkato hasa kwa kufuata muundo wa sentensi.

Tazama sentensi hii, ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara: "The farmers who attended the training in Morogoro, received seeds." Mwandishi ameona kiima kimekuwa kirefu, akapumua, akaweka mkato mmoja kati ya kiima na kitenzi chake, mahali ambapo haupaswi kuwapo. Akiongeza wa pili baada ya "farmers", sentensi itakuwa sahihi kisarufi, ila maana itageuka: wakulima wote wanaozungumziwa watakuwa wamehudhuria mafunzo na wote wamepata mbegu, ilhali bila mkato wowote wanaotajwa kupata mbegu ni wale waliohudhuria tu. Kwa mfadhili anayehesabu magunia, tofauti hiyo si ndogo.

Kosa jingine nalisamehe kwa urahisi zaidi, kwa kuwa linatoka katika ufasaha wetu wenyewe. Tunaandika "Barabara ilifungwa, tukarudi Dodoma" bila wasiwasi, maana -ka- imekwisha kuyafunga matendo hayo mawili pamoja. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo ndani ya kitenzi, kwa hiyo "The road was closed, we returned to Dodoma" huhesabiwa kuwa sentensi mbili zilizogandishwa kwa mkato. Weka nukta, au nukta mkato, au ubakize mkato na kuongeza "so" baada yake.

Ubishi mkubwa zaidi ofisini ni kuhusu mkato unaotangulia "and" au "or" mwishoni mwa orodha. Wanaoudharau huwa nawakumbusha kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine nchini Marekani. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo ya saa za ziada wafanyakazi wa shughuli kadhaa za vyakula, na orodha yake iliishia kwa maneno "packing for shipment or distribution". Madereva walisambaza bidhaa lakini hawakuzifungasha. Kwa kuwa hapakuwa na mkato baada ya "shipment", walidai kwamba kilichotajwa ni ufungashaji tu, uwe wa kusafirisha au wa kusambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ya shirikisho iliona kwamba maneno hayo yana utata, ikayafasiri kwa manufaa ya wafanyakazi, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Cha kushangaza, mwongozo wa waandishi wa sheria wa jimbo hilo ulikuwa ukiwashauri wasiuweke mkato huo.

Mimi huuweka kila mara kipengele cha mwisho kinapokuwa kirefu au kinapoweza kushikamana na kile kinachokitangulia. Wenzangu hunijibu kwa mfano wa magazeti ya Uingereza, ambayo mengi huuacha, na kwa orodha fupi kama "maize, beans and rice" sina ugomvi nao.