Jina Lako Nani?

Wapendwa katika Bwana, nawasalimu kutoka Tanga, ambako juma hili limenielemea kwa sababu ya uongo nilioutamka siku ya Jumatano. Ilikuwa zamu yangu kuongoza neno katika ibada ya jumuiya yetu hapa Chumbageni, nami nikamtumia mzee wa kanisa ujumbe kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Wengi wenu mnanifahamu kama mwalimu wa kwaya, na ni wachache wanaojua kwamba tangu utoto wangu nina kigugumizi, kwa maana ninapoimba ulimi hufunguka na maneno hutoka bila kukwama. Nimejificha ndani ya nyimbo miaka mingi, nikikwepa kila nafasi ya kusimama mbele ya watu na kusema neno lisilo na tuni.

Usiku ule sikupata usingizi. Mpwa wangu anayeishi nasi alikuwa sebuleni akisikiliza nyimbo za Brandi Carlile, mwanamuziki wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1981 katika jimbo la Washington, nami nikatoka kwenda kukaa naye. Sauti ya mama huyu ilinigusa kabla sijajua lolote juu yake, kwa sababu inapopanda juu hupasuka, mahali pale pale ambapo mimi ningewaambia waimbaji wangu waufiche mpasuko, naye haufichi. Huuacha usikike, na wimbo mzima huegemea hapo.

Mpwa wangu akanisimulia habari zake. Carlile anapenda wanawake wenzake, na hakulificha jambo hilo tangu alipokuwa mwanafunzi wa sekondari; leo ana mke na mabinti wawili. Katika ujana wake alijiandaa kubatizwa katika kanisa la Kibaptisti, na siku ilipofika, ndugu na rafiki zake wakiwa wameshakusanyika, mchungaji akakataa kumbatiza kwa sababu hiyo. Mwezi Februari 2019 alipata tuzo tatu za Grammy, na akiwa jukwaani alisema kwamba katika miaka yake ya shule hakuwahi kualikwa kwenye sherehe za wenzake. Hata hivyo hakuacha kuzungumza juu ya imani, na amesema wazi kwamba alisamehe.

Ninyi mnajua ubatizo wetu ulivyo. Tunashuka Raskazone alfajiri maji yakiwa yamejaa, kisiwa cha Toten kikiwa ng'ambo yetu, na akina mama husimama ufukweni wameshika kanga zilizokunjuliwa ili wamfunike kila anayetoka majini akitetemeka. Nilijaribu kumwona msichana yule kwenye ufuko wetu, kanga yake ikiwa tayari mikononi mwa mama yake, kisha anaambiwa arudi nyumbani akiwa mkavu. Sikuweza kuendelea kulifikiria.

Ndipo nikafungua Mwanzo 27, mahali ambapo Yakobo anaingia kwa baba yake asiyeona, amevaa mavazi ya kaka yake, na ngozi za wana-mbuzi zimefungwa mikononi na shingoni mwake. Isaka anampapasa na kusema, "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Nimefundisha uimbaji muda mrefu, na sikuwahi kuona kwamba aya hii ni ya waimbaji. Mikono inaweza kuvikwa ngozi ya mwingine, lakini sauti haivikwi. Mzee aliisikia, akaitilia shaka, kisha akaiamini ngozi. Yakobo akapata baraka aliyoitaka, akaipata kwa jina la mtu mwingine, na baraka hiyo haikumpa hata usiku mmoja wa amani katika nyumba ya baba yake, kwa maana alilazimika kukimbia na kukaa miaka ishirini kwa Labani.

Sasa twende naye kwenye kivuko cha Yaboki, katika sura ya 32. Amebaki peke yake usiku, anashindana mweleka na asiyemjua, na anapong'ang'ania kubarikiwa anaulizwa swali moja tu: jina lako nani? Ndugu zangu, hilo ndilo swali ambalo aliulizwa na baba yake kitandani, akajibu, "Mimi ni Esau." Safari hii anajibu, "Yakobo," jina la mshika kisigino, jina alilolionea aibu. Hapo ndipo anabarikiwa. Anatoka akichechemea, na jua linamzukia akiwa na jeraha lake. Mtaniambia kwamba alipewa jina jipya, na ni kweli, lakini angalieni kwamba Ibrahimu hakuitwa tena Abramu, ilhali huyu, Mungu aliendelea kumwita Yakobo, na alipojitambulisha kwa Musa katika kichaka alisema yeye ni Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Bwana hakulionea haya jina lile. Aliliweka ndani ya jina lake mwenyewe.

Hapa inanipasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita kwaya yetu ilikuwa na kijana wa sauti ya tatu, mwenye kipaji ambacho sijakiona tena. Mwendo wake na namna yake ya kuzungumza vikaanza kusemwa mtaani, akapewa jina ambalo sitaliandika hapa, na kikao kikaamua apumzishwe. Hakuitwa wala hakuulizwa neno. Mimi nilikuwamo kikaoni, nilikuwa na la kusema, na nikajiambia kwamba kigugumizi kitanishika mbele ya wakubwa. Siku ya pili alileta sare yake kwangu, imefuliwa na kupigwa pasi, akanikabidhi kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumfundisha.

Tunayafanya haya, wapendwa, na tunayafanya tukiwa tumetoka kuimba kwamba Bwana humpokea mtu jinsi alivyo. Tunamwita kijana kwa wimbo, na akifika mlangoni tunamkabidhi ngozi za mbuzi, tukimwambia ajifunge vizuri ili tukimpapasa tusipate shaka. Anayekubali tunamsifu kwa utakatifu, na anayekataa tunamrudisha mkavu. Najua wako watakaonijibu kwa Mambo ya Walawi na kwa Warumi sura ya kwanza, kwa aya zinazosomwa kuwa katazo la mapenzi ya jinsia moja. Nimezisoma aya hizo nikiwa nimepiga magoti, wala sizidharau, na kuna mambo ndani yake ambayo bado ninamwuliza Bwana. Lakini sijaona popote katika Maandiko Mungu akimwambia mtu amkaribie kwa jina la mwenzake. Msichana wa Washington alikuja majini na jina lake mwenyewe, na kijana wetu alikuja madhabahuni na sauti yake mwenyewe, jambo ambalo mimi mwalimu wa nyimbo sijathubutu kulifanya hata katika ibada ya jumuiya. Ni nani basi kati yetu aliyestahili kupumzishwa?

Alhamisi nilimwendea mzee wa kanisa nikamweleza kwamba sikuwa mgonjwa, na kwa nini nilidanganya. Alininyamazia kitambo, kisha akaniwekea zamu Jumatano ijayo, nami nitasoma Mwanzo 32. Jioni yake nikatafuta namba ya yule kijana, ambaye sasa anafanya kazi mbali na Tanga, nikapiga bila kujua kama ni yake bado. Alipopokea nilikwama kwenye herufi ya kwanza ya jina lake, nikakwama muda mrefu, naye hakukata simu wala hakunimalizia. Alisubiri mpaka nikalitamka lote.