Siku moja maishani mwangu: darasa la nne, kundi la silabi

Saa 11:30 alfajiri niko kituoni Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Saa 1:30 usafi, paredi, mahudhurio. Shule yetu ina zamu mbili, kwa hiyo kila dakika ya asubuhi ina mwenyewe.

Saa 2 naingia darasani. Watu wakisikia nafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la nne, wanadhani nimepewa watoto wazito. Hapana. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, darasa la kwanza hujaa kuliko madawati, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Anayekosa kusikilizwa hujifunza kunakili. Wengine jioni wanatembeza karanga, daftari halifunguliwi tena.

Muhula ukianza namsikiliza kila mmoja peke yake: silabi, neno, aya, hadithi. Pale anapokwama ndipo ninapoanzia, hata kama ana miaka kumi na mmoja. Kupanga watoto kwa uwezo badala ya darasa ni njia iliyokuzwa India na shirika la Pratham, na mimi naiamini kwa sababu naona watoto wakihama kundi. Nafundisha sauti, si majina ya herufi. Mtoto aliyekariri "be" na "a" hawezi kupata "ba". Tunatamka, tunaandika mchangani, tunaunganisha kadi. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Akishazishika silabi, hata hizi za mbwa na nywa, anafunguka haraka.

Saa 4, uji haujaisha, baba mmoja akaingia.

"Mwalimu, binti yangu unamfundisha ba-be-bi? Mwaka huu ana upimaji wa kitaifa!"

Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Alikuja na daftari la Sayansi, mwandiko mzuri, vema zimejaa. "Hii ni kazi ya mtu asiyejua kusoma?" Nikamweleza kwamba yote yametoka ubaoni. Akataka binti aitwe asome mbele yake. Nikakataa. Siwezi kumwaibisha mtoto ili nishinde mabishano. Nikamwonyesha rekodi zangu: mwanzo wa muhula alijua irabu tu, sasa anasoma maneno ya silabi mbili. Akasema hayo ni ya chekechea, akaenda kwa mwalimu mkuu. Nami nikaitwa, tukarudia yote tangu mwanzo, na kipindi cha kundi la maneno kikaishia ofisini.

Mchana miguu inauma, sauti imekauka. Zamu ya pili wakachukua chumba, nikahamia chini ya mwembe na waliobaki. Mvulana mmoja, ambaye kila siku husema "nyu… mba", leo alisoma "nyumba" kwa mara moja, akaendelea na sentensi bila kunitazama. Uchovu niliusahau.

Usiku nakata kadi kutoka kwenye maboksi. Kesho nitaanza na kundi la maneno, maana wananidai kipindi. Yule baba nimemwomba aje akae nyuma ya darasa asikilize. Amesema ataangalia kama kazini watamruhusu.