Ngano Ndani ya Faili la Ng'ombe

Mdogo wangu alikuwa na ombi moja tu: ng'ombe wa mchezo wa Minecraft wamfuate hata kama hakushika ngano mkononi. Nikamwambia, "Kesho utawaona." Ilikuwa mwishoni mwa 2018, na Java, lugha ya programu iliyoandikia mchezo huo, niliijua vya kutosha kuandika hiyo mistari michache. Sikujua kwamba kuandika modi, yaani nyongeza inayobadilisha mchezo, ndiyo kazi ya mwisho. Ya kwanza ni kuandaa uwanja.

Minecraft ya Java humfikia mchezaji ikiwa imeshakompailiwa, yaani imegeuzwa kutoka msimbo wa kusomwa na watu kuwa wa kompyuta, na wakati ule majina ya ndani yalikuwa yamevurugwa makusudi, yamebaki herufi moja au mbili. Ili uguse chochote ulihitaji zana ya kuirudisha iwe msimbo unaosomeka, kubandika marekebisho ya Forge, mfumo unaoiwezesha Minecraft kupokea modi, kisha kuikompaili upya. Kazi hiyo ilifanywa na Gradle, zana ya kujenga programu, ikisaidiwa na nyongeza yake ya ForgeGradle. Nikapakua kifurushi cha Forge cha Minecraft toleo la 1.12.2, nikaandika gradlew setupDecompWorkspace, nikabonyeza.

Sekunde chache tu, ikagoma: imeshindwa kutambua Java '11.0.1'. Nilikuwa nimeweka Java mpya kuliko zote. Kumbe gradlew, faili dogo linaloiita Gradle, huja na namba ya toleo la Gradle yake, na ndani ya kifurushi kile ilikuwa 2.14, ya mwaka 2016, wakati Java 11 haijatoka. Utaratibu huo naupenda mpaka leo, maana ndio unaofanya kifurushi cha zamani kijengeke vilevile kwenye mashine ya yeyote. Sharti lake ni kwamba Java nayo iwe ya rika lake.

Nikaweka Java 8, nikabadilisha JAVA_HOME, inayoonyesha Java ipi itumike, nikafungua dirisha jipya la amri, maana lililokuwa wazi haliyaoni mabadiliko. Safari hii ikalalamika kwamba haipati nafasi ya kilobaiti 3145728. Niliitazama namba ile kwa muda. Nikaigawa kwa 1024 mara mbili, ikabaki 3: gigabaiti 3. Kwenye gradle.properties nikaikuta imeandikwa waziwazi: -Xmx3G, na juu yake maelezo kwamba kuirudisha Minecraft kuwa msimbo kunahitaji kumbukumbu nyingi. Nikapunguza iwe 1G. Ikaenda, ikafika katikati, ikaishiwa kumbukumbu.

Hapo ndipo nilipoandika java -version na kuusoma mstari wa mwisho kwa makini. Ulisema Client VM, pasipo 64-Bit popote. Kompyuta ilikuwa ya biti 64, Java niliyopakua ni ya biti 32, na hiyo haiwezi kushika gigabaiti 3 hata ukiibembeleza. Nikaiondoa, nikaweka ya biti 64, nikarudisha 3G.

Mistari ikaanza kupita, ikafika decompileMc, hatua ya kuirudisha Minecraft iwe msimbo, ikatulia hapo.

"Kaka, imeganda?"

"Haijaganda. Subiri."

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Tulikaa kimya wote wawili mpaka ikaandika BUILD SUCCESSFUL.

Nikafungua EntityCow, faili la ng'ombe. Nilitarajia fujo ya majina kama func_70071_h_ na wenzake; badala yake nikakuta initEntityAI, EntityAITempt. Kwenye build.gradle kulikuwa na snapshot_20171003, yaani orodha ya majina kama ilivyokuwa Oktoba 3, 2017. Watu wa mradi wa kujitolea wa MCP waliusoma msimbo uliovurugwa, wakaelewa kila kipande kinafanya nini, wakakipa jina. Mojang, watengenezaji wa Minecraft, walianza kutoa orodha yao wenyewe mwaka 2019. Usiku ule, karibu kila neno nililolielewa lilikuwa jasho la mtu wa kujitolea nisiyemjua. Niliona fahari kuusoma.

Mdogo wangu akainama karibu na kioo, akaweka kidole chini ya mstari mmoja: EntityAITempt, 1.25D, Items.WHEAT.

"Kaka, si ngano hiyo hapo?"

Nikamsogezea kibodi.