Meza yangu ya bao na karata ya mtandaoni ilikubali nilipofuta sheria zote

Naanza na ushauri mbovu maana mpaka leo unaniuma. Jamaa mmoja anayejua kuandika programu kunizidi aliniambia meza ya mtandaoni, yaani programu ya kuchezea na watu walio mbali, lazima ijue sheria za kila mchezo, la sivyo watu wataibiana. Nikamsikiliza. Kama miezi mitatu nakesha naandika bao la kiswahili, namua (kuingiza kete za mkononi ubaoni), mtaji (kucheza na zilizo ubaoni), kula, kutakata (kucheza bila kula), yote. Siku ya kwanza kucheza, ami yuko Unguja mimi Dar, dada anaangalia tu toka Muscat, ami kafika kwenye nyumba yake, lile shimo kuu, anataka kusafiri nayo, yaani azoe kete zake aendelee kusambaza, programu inagoma. "Mwanangu, hii kompyuta ndo inifundishe bao mie?" Akatoka.

Usiku uleule nikafuta. Ubao wa mninga haujui sheria jamani, wanaozijua ni wachezaji, ukikosea mwenzio anakwambia rudisha. Meza yangu sasa inajua vitu vichache tu, kitu kiko wapi, kimefunikwa au kimefunuliwa, kiko rundo gani, nani kakishika. Basi. Ndo maana inabeba bao, last card, drafti, chochote.

Shida ikaja kwenye kete. Ziko 64, na kuburuta mojamoja kwa kidole kwenye simu ni mateso, shimo la kete 11 tu ami anamaliza dakika nzima. Hapa ndo najivunia. Nikafanya hivi, unabonyeza shimo, kete zote zinaingia mkononi, halafu unapitisha kidole juu ya mashimo na kila shimo unalopita linadondokewa kete moja, na kamlio kadogo tak, tak, tak, unahesabu kwa sikio kama barazani. Meza haijui bao hata kidogo, inajua "dondosha moja" tu. Kesho yake dada kashika rundo la karata kapitisha kidole juu ya majina yetu, karata zikajigawa mojamoja! Sikuandika hata mstari mmoja wa kugawa karata.

Ila msitume karata zote kwenye simu za watu mkategemea kuzificha kwa picha ya mgongo. Mpwa wangu wa form two alifungua brauza kwenye laptop akasoma yanayopita humo, akanitajia nina ree ya kopa. Sasa karata zinachangwa kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayoendesha meza, simu inapewa namba tu isiyo na maana, na kila zikichangwa namba zinabadilika, jina la karata anatumiwa aliyeishika peke yake. Seva yenyewe nalipia kama elfu kumi na tano hivi kwa mwezi.

Na wekeni kitufe cha rudisha ambacho wote wanaona nani kakibonyeza, kimemaliza ugomvi mwingi kuliko sheria zangu zote za miezi mitatu.

Juzi baada ya isha ami kanifunga mkononi, yaani kanishinda kete zangu tisa bado hazijaingia ubaoni.