Kumi thelathini na sita, na siku tano zisizo na kwao

Jumapili, usiku. Zimebaki wiki mbili Mwaka ugeuke, na swali ni lile lile la kila Julai: watoto waelezwe nini kabla hawajafika Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa?

Wengi wetu huanzia kwenye moto na vigogo vya mgomba. Ni mwanzo mtamu, lakini ni mwanzo mbaya. Mtoto wa miaka saba akishaambiwa kwamba watu wazima watachapana hadharani na kibanda kitatiwa moto, hasikii tena kingine. Atarudi nyumbani na picha ya vurugu iliyochangamka, na ukimuuliza ile ilikuwa sikukuu ya nini, atakwambia "ya kupigana". Mwingine huanzia kwenye hadithi ya Washirazi, wale wanaosimuliwa kuja kutoka Uajemi, na majahazi yao. Hiyo nayo ina walakini wake, nitaufikia.

Naona pa kuanzia ni kwenye hesabu. Mwaka Kogwa ni sikukuu ya kalenda kabla haijawa sikukuu ya kitu kingine chochote. Ni siku ya kwanza ya mwaka wa jua wa Waswahili, Nairuzi, mwaka wa siku 365 kamili, usio na siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne. Mtoto akiushika mwaka huo kwa vidole vyake, mengine yote yana pa kukaa: kwa nini watu huoga baharini, kwa nini kinyongo kimalizwe siku hiyo na si siku nyingine, kwa nini bibi yake aliisherehekea tarehe tofauti. Hata jina lenyewe, kogwa, linatokana na kukoga. Mwaka unaogwa, wa zamani unaachwa majini.

Kwa wadogo, miaka sita mpaka minane, tumia kunde. Kikombe kimoja cha chai kinatosha darasa dogo na kunde zinabaki. Wape vizibo 36 vya soda, kunde 360, na maharage mekundu matano. Kila kizibo kinatiwa kunde kumi. Hilo kumi lina jina lake, mwongo, na wingi wake ni miongo. Hapo darasa litaangua kicheko, kwa sababu mwongo wanayemjua wao ni msema uongo. Usiwanyamazishe. Waulize wingi wa yule mwingine. Watasema waongo. Basi waongo ni watu, miongo ni siku, na ngeli imefundishwa bila ubao. Siku hizi tunasikia mwongo kwa maana ya miaka kumi, lakini mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, wakajua kwa mwongo ulipofika kama pepo zinageuka au mvua zimekaribia.

Vizibo vikishajaa, vipangwe mistari 12, kila mstari vizibo vitatu. Watoto wataona miezi 12 ya siku 30 bila kuambiwa. Yale maharage matano yanabaki pembeni, na hapa ndipo kosa la kwanza hutokea. Karibu kila mtoto atayatia kwenye kizibo cha 37, kisha ataomba kunde tano zaidi "kijae". Hakijai. Siku tano za mwisho hazina mwongo wala mwezi, ni mabaki ya mwaka. Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao wengi wao wako India na waliowahi kuwa na jamii yao Unguja pia, wana siku tano kama hizo mwishoni mwa mwaka wao, na huziita siku za Gatha. Mtoto wa darasa la pili hahitaji kujua hilo. Mwalimu wake anahitaji.

Kosa la pili ni vizibo vyenye kunde tisa au kumi na moja. Usihesabu upya kizibo kimoja kimoja, utakesha. Waambie wamwage kunde za kila kizibo kwenye mstari mnyoofu juu ya meza, mistari yote ianzie ukingo mmoja. Uliopungua utajionyesha wenyewe.

Kwa wa miaka tisa na kuendelea, acha kunde, chukua karatasi ya manila. Kata utepe wenye upana wa sentimita tano, kila siku iwe sentimita moja. Utepe wa Nairuzi uwe na urefu wa sentimita 365. Utepe wa mwaka wa Hijria uwe 354, maana miezi ya mwandamo ni ya siku 29 au 30. Utepe wa kalenda ya ukutani uwe 365, na mwaka wa nne 366. Zitandikeni sambamba barazani, zote zianzie kwenye chaki moja sakafuni.

Sentimita 11 za pengo kati ya Hijria na zile nyingine zinaonekana hata na aliyekaa nyuma. Pengo hilo ndilo linaloihamisha Idi, na mtoto aliyewahi kufunga Ramadhani ya joto kisha ya mvua tayari analijua mwilini. Krismasi haihami, kwa sababu iko ndani ya kalenda ya ukutani yenyewe. Nairuzi je? Kwenye tepe za mwaka mmoja haionekani kuhama hata kidogo, na watoto watasema kwa uhakika kwamba nayo haihami. Waache waamini hivyo kwa siku moja. Kesho yake ungeni tepe za miaka minne: Nairuzi inatoka sentimita 1460, ya ukutani 1461. Sentimita moja tu katika mita 14 na nusu na zaidi. Siku moja kila miaka minne.

Zoezi hili huharibika kwenye gundi. Ukipandisha karatasi juu ya karatasi sentimita moja ili ipate kushika, kila kiungo kimekula siku nzima. Utepe wa mwaka una viungo vinne au vitano, wa miaka minne unakaribia ishirini, na ile siku moja uliyokuwa unaitafuta imemezwa mara ishirini. Viungo vigusane ukingo kwa ukingo, selotepu ipite kwa nyuma. Tarakimu ziandikwe baada ya kuunga. Na usitumie kamba ya katani badala ya karatasi ukidhani unarahisisha: ikivutwa inarefuka, na watoto huivuta.

Hesabu hii ina ladha nyingine ndogo. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja. Kwa hiyo Nairuzi ikianza Alhamisi, ijayo itaanza Ijumaa, na baada ya miaka saba imerudi Alhamisi bila kuruka. Kalenda ya ukutani haiwezi hilo, mwaka mrefu huivuruga. Lakini angalia usiku. Kwa hesabu ya pwani siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa tayari. Mtoto anayehesabu kuanzia saa sita za usiku atapishana na bibi yake siku moja, na wote wawili watakuwa sahihi.

Sasa mpe kazi ya nyumbani: Mwaka uliangukia lini bibi alipokuwa na miaka kumi? Tuseme ni miaka 60 iliyopita. Sitini kwa nne ni 15. Nusu ya darasa watatoa siku 15 kwenye tarehe ya mwaka huu, kwa sababu "tunarudi nyuma". Hapana. Nairuzi husogea mapema kila miaka inavyokwenda, kwa hiyo ukirudi zamani unaongeza. Ya bibi ilichelewa zaidi, Julai ikiisha au Agosti ikianza. Ya miaka mia iliyopita ilikuwa Agosti, siku 24 au 25 baada ya hii yetu. Wape tepe waone kwa macho, usibishane nao kwa maneno.

Na hapa ndipo naomba walimu wa darasa la sita na la saba wasiishie njiani. Nairuzi ni neno la Kiajemi, Nowruz, siku mpya. Huko Iran Nowruz huwa Machi, tarehe 20 au 21, usiku na mchana vinapolingana. Yetu iko Julai. Jina moja, miezi minne mbali. Mbona? Waache wapige hesabu: kutoka 21 Machi kurudi nyuma kupitia Februari, Januari, Desemba, mpaka katikati ya Julai ni siku 245 au zaidi kidogo. Kila siku moja ni miaka minne na ushei. Watapata miaka kama elfu moja. Yaani karibu mwaka 1000, kalenda hii ya siku 365 ilikuwa imeangukia palepale Machi. Waajemi wenyewe walikuwa na mwaka huo huo wa miezi 12 ya siku 30 na siku tano juu yake, mpaka mwaka 1079 wanajimu wa Sultani Malik Shah, Omar Khayyam akiwa mmoja wao, walipoufunga Nowruz kwenye majira ya machipuko usihame tena. Marekebisho hayo hayakuushika mwaka wa pwani. Wao waliitengeneza saa yao, sisi tukabaki na ya zamani, na imeendelea kutembea. Miongoni mwa Waparsi kuna wanaouanza mwaka wao Julai hiyo hiyo, na wengine, walioongeza mwezi mmoja zamani, wanauanza Agosti.

Mtoto asiambiwe kwamba hesabu hiyo imethibitisha Washirazi walifika mwaka 1000. Haikuthibitisha. Imeonyesha tu kwamba kalenda mbili ni ndugu. Kwa ufikaji wa watu, mpeleke Kizimkazi Dimbani, mwendo mfupi kutoka Makunduchi, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Na mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa miji ya kale ya pwani: wengi walikuwa na mababu wa Kiajemi, hasa upande wa kiumeni, na bibi Waafrika, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ya majahazi ina kiini, lakini anayeisimulia kana kwamba sherehe yote ilishushwa bandarini ikiwa tayari anawadhulumu wale mabibi. Jina na hesabu vimetoka ng'ambo. Sherehe imelelewa hapa, na kila mji umeilea kivyake: Lamu na Mombasa walimzungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja.

Siku yenyewe. Mavazi ya mtoto yawe mawili. Utomvu wa mgomba haung'oki nguoni, hugeuka kahawia na kubaki, kwa hiyo anayesogea karibu na vigogo avae nguo iliyokwisha kazi. Nguo mpya ni ya baadaye. Mwonyeshe kigogo kabla hakijapigwa: akibonyeze, aone maji na vyumba vya hewa katikati ya maganda. Kinapopiga kinasagika chenyewe. Ndiyo sababu kimechaguliwa hicho na si rungu. Pande zinazopigana ni mbili, za kusini na kaskazini ya mji, na ugomvi unamalizika palepale. Mtoto ajue hilo kabla, la sivyo atalia au atamrukia mwenzake na fimbo ya kweli.

Kibanda cha makuti kinapochomwa, simama upepo unakotoka. Wenyeji hutazama moshi unaelekea wapi, wakasoma humo bahati ya mwaka. Mtoto aulizwe aliuona ukienda upande gani na kwa nini. Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, kwa hiyo jibu la pepo analo tayari kama miongo ilifundishwa vizuri. Zamani hata moto wa jikoni ulizimwa siku hiyo, ukawashwa mpya kwa kupekecha vijiti. Shuleni usijaribu kibanda chochote, hata cha ukubwa wa kiberiti. Makuti makavu hayana moto mdogo.

Nyimbo za akina mama nyingine ni za watu wazima. Usizitafsiri, wala usijifanye hazipo. "Hiyo utaielewa ukikua" inatosha. Na ukipata mwenyeji anayekukaribisha chakula, usikatae kwa adabu za mjini: nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka huonekana imepungukiwa.

Kuna mzazi atakayeuliza kama hii ni ibada. Ni swali halali, na ndani ya Zanzibar yenyewe wapo wasioipenda sherehe hii kwa sababu za dini. Jibu lake ni kumwonyesha mnachofundisha: hesabu, historia, mila za mji. Maneno ya mganga wa sherehe hayakaririwi darasani, watoto hawaigizi nafasi yake. Kunde hazina ubishi na mtu.

Tepe zikishatumika zizungushe kama mkeka, usizikunje. Kila kunjo hula milimita, na mwakani, ukiunga utepe wa tano, utazitafuta.