Binti yangu alinikamata kwenye karatasi ya pointi

Jumamosi iliyopita ilikuwa twende ufukwe wa Pirates, mimi na binti yangu, ahadi ya tangu shule hazijafungwa, na mvua ikaamka nasi alfajiri vile masika ya Aprili yanavojua kufanya hapa Mombasa, si ile ya kunyesha ikapita, ni ile ya kumwagika mpaka mtaro wa mbele ya nyumba unakuwa mto. Binti amekaa dirishani na begi lake la kuogelea mgongoni hasemi neno. Ana miaka 10, na akinyamaza hivo roho yangu huwa haikai. Nkamwambia mamangu (namwita hivo manake ana jina la mamangu mzazi) si lazima bahari, kuna mahali pa ndani pia tunaweza kwenda. Akageuka hapo hapo.

"Leza tagi?"

Ni ule mchezo wa kuwindana gizani kwa bunduki za mwanga. Kumbe alikuwa na jibu zamani. Rafiki yake wa darasani alipelekwa huko Nyali kwenye jumba moja la maduka, akarudi na hadithi za wiki nzima.

Nyanya yake alikuwa jikoni anachambua mbaazi, akasikia neno bunduki, akatoka na ungo mkononi. "Mtoto wa kike umpeleke akashike bunduki?" Nkamwambia mama, ni taa tu, hakuna kinachotoka. Akasema taa ama si taa, mkono huzoea. Hilo neno sikulipuuza na hapa pia sitaki kulipita haraka. Sisi tukiwa wadogo tulichonga bunduki za mgomba tukapigana kutwa nyuma ya msikiti na hakuna aliyeharibika kwa sababu hiyo, lakini mamangu ni mtu wa Likoni, na Likoni ya Agosti 1997, ya yale mashambulizi, aliiona kwa macho yake, kwa hivo kwake bunduki si mchezo na wala mi siwezi kumwambia aone kama navoona mimi. Tukakubaliana, yeye na mimi mbele ya mtoto: atacheza huko, lakini akirudi hapa nyumbani hakuna kumwelekezea mtu yeyote kitu na kusema "pa", hata kijiko. Binti akasema sawa nyanya. Nyanya akarudi kwa mbaazi zake.

Tukavuka feri (kwa miguu ni bure, hiyo ndo raha yake, hata na mvua), tukapanda matatu, foleni ya Buxton mkijua mnajua, tukavuka daraja la Nyali. Tulivofika Kengeleni akaniuliza kwa nini panaitwa hivo. Nkamwonesha ule mnara wa kengele, nkamwambia hapa ilikuwa Frere Town, miaka ya 1870 waliletwa hapa watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele ile ikilia ilikuwa ni kuwaonya kwamba kuna wafanyabiashara wa watumwa wanakaribia. Akakaa akiuangalia mpaka ukapotea nyuma yetu. "Yaani wakiisikia tu wanajua?" Nkamwambia wanajua.

Bei ya pale si ya kila wiki, niseme tu hivo. Nkalipia raundi 3 kila mmoja. Unaandika jina la kuchezea kwenye kompyuta, yeye akachagua NGURU, mi akanichagulia PWEZA, ati kwa sababu pweza hujificha. Alafu kijana wa pale akatuvalisha vesti, ina sensa (vile vidude vya kunasa mwanga) kifuani, mgongoni na mabegani, na bunduki imeungwa kwayo kwa waya. Masharti: hakuna kukimbia, hakuna kugusana, hakuna kuziba sensa kwa mkono. Ukipigwa vesti inatetemeka, taa zake zinazimika, na bunduki yako haipigi kwa sekunde kadhaa.

"Baba, nikipigwa inauma?"

Sasa hapa nlifurahi manake hii ni kazi yangu. Mi ni fundi wa TV na redio, kibanda changu kiko karibu na feri, rimoti nimefungua sijui ngapi. Nkamwambia ule mstari mwekundu unaouona ukitoka kwa bunduki ni wa kuonekana tu, unakusaidia kulenga. Kinachopiga chenyewe hukioni, ni mwanga wa infraredi, kama ule wa rimoti ya TV. Rimoti nyingi zinawaka na kuzima mara 38,000 kwa sekunde, na ndani ya huko kuwaka kuna namba iliyofichwa, ndo TV inajua umebonyeza sauti ama stesheni. Bunduki hizi nazo kila moja ina namba yake, sensa ikiupata ule mwanga inasoma namba na kompyuta inaandika: fulani kampiga fulani. Akaniuliza nani aliyefikiria kitu kama hiki. Nlikuwa nimesoma usiku wake kwenye simu, nkamwambia Mmarekani mmoja, George Carter, alifungua ukumbi wa kwanza pale Dallas 1984 akauita Photon.

"Kwa hivo kompyuta inajua kila kitu?"

Nkasema kila kitu. Nlijibu hivo bila kufikiri.

Ndani ni giza, na moshi wa mashine, na zile taa za zambarau zinazofanya nguo nyeupe ing'ae. Mi nlikuwa na fulana nyeupe, kwa hivo anayetaka kwenda ajue, vaa nguo nyeusi. Tulikuwa watu 12, wengi watoto waliokuja kwa besidei, raundi ya kwanza kila mtu peke yake. Binti yangu nyumbani halali bila taa. Nkaingia nikiwa na wasiwasi huo huo, nkawa namfuata nyuma nyuma, namwona vile anapapasa ukuta, na kila alipogeuka na kuniona mi nasimama wazi nampa kifua. Ananipiga, vesti inatetemeka, anacheka, anakimbilia nyuma ya nguzo. Nkahisi nimefanya kitu kizuri sana. Hao wengine nliwapiga kawaida tu, wakinijia.

Tulivotoka kila mtu anapewa karatasi yake. NGURU wa 7, PWEZA wa 5. Mi nkaangalia namba ya juu nkaikunja. Yeye akasoma yake yote, mstari kwa mstari, vile anavosoma kila kitu, alafu akaomba na yangu.

Kimya.

"Baba, huyu umempiga mara 4. Huyu 6. Huyu mdogo kabisa 2." Kidole chake kinashuka. "Mimi nimekupiga mara 19. Wewe mimi, sufuri."

Nkaanza kusema giza, sijui moshi, akanikata. Si kawaida yake kunikata.

"Umewapiga wote isipokuwa mimi. Kwani mimi si mchezaji?"

Macho yakamjaa. Nkachuchumaa pale pale kwenye korido na watoto wa besidei wanapita na kofia zao za karatasi, na nikakosa la kusema, manake alikuwa amesema kweli na ushahidi anao mkononi. Mamake yuko Doha kikazi, huu mwaka wa 2, na tangu aondoke mi nimekuwa nikimwachia huyu mtoto kila kitu. Karata namwachia. Tukikimbizana pale Mama Ngina mpaka kwa muuza madafu nachelewa makusudi. Kipande kikubwa cha nyama chake. Nlidhani hivo ndo kuziba pengo. Na kumbe siku zote hizo alikuwa akiona, akawa hana tu karatasi ya kunionesha.

Nkamwambia pole mamangu. Nkamwambia raundi hii ya pili nakuja kweli. Akafuta macho kwa mkono wa nguo. "Kweli kweli?" "Wallahi."

Na nkaja kweli. Nlijibana pembeni karibu na mlango, fulana nimeifunika na koti, nkamsubiri. Wa kwanza nliyempiga alikuwa yeye. Nliona vesti yake ikizimika, nkasikia "aaah!" ya mtu asiyetarajia, na moyo ukaniuma pale, sitasema uongo, mkono ukataka kushuka. Sikuushusha. Nkampiga tena mgongoni akikimbia, nkampiga begani, nkampiga yeye yupo nyuma ya nguzo kabisa anadhani yuko salama, kupitia ukuta wa kioo ulioko kwenye kona. Zile mara alizonipata yeye ni koti lilipofunguka fulana ikanitoa. Tulivotoka alikuwa ametota jasho, nywele zimemganda usoni, anahema, na kitu cha kwanza akanyakua karatasi kabla kijana hajamaliza kuitoa kwenye mashine.

PWEZA kwa NGURU, 14. NGURU kwa PWEZA, 3.

Akakunja uso. Nkangoja machozi. Badala yake akaniuliza, na sauti ile ile anayoniulizia hesabu: "Ile ya nyuma ya nguzo umenipiga vipi?"

Sasa jamani hapo ndo siku yetu ilipoanza. Tukakaa chini kwenye benchi na chupa ya maji nkamkumbusha vile nyumbani unaweza kuelekeza rimoti ukutani badala ya kwa TV na bado TV ikawaka, mwanga ule unagonga kitu kinachong'aa unarudi. Akashika karatasi akachora ukumbi wote kwa nyuma, kumbe alikuwa ameukariri, wapi kuna kioo, wapi kuna ngazi, wapi moshi ni mzito. Mtoto ambaye nlikuwa namwogopea giza. Alikuwa amelipima giza lote hatua kwa hatua wakati mi nashughulika kumpa kifua.

Raundi ya 3 ni ya timu, sisi na watoto 4 wa besidei dhidi ya vijana wa sekondari, warefu, wanajuana, wanacheza kama watu waliokuja mara nyingi. Yeye akapanga. Mi nisimame wazi kwenye ngazi na fulana yangu inang'aa ili waje kwangu (wazo lake hilo, nililipenda sana), yeye akae kwenye kona ya kioo, na akiwaona wanakuja nyuma yangu atapiga kelele neno moja. "Kengele!" Mara ya kwanza kulisikia lile neno kwenye giza lile, sauti nyembamba lakini haitetemeki hata kidogo, mwili ulinisisimka. Nkageuka, nkampata kijana wa kwanza, wa pili akazimika kabla sijamlenga na sikuona aliyempiga, nliona tu mstari mwekundu ukitoka kwenye kioo.

Tulishindwa. Pengo halikuwa kubwa lakini tulishindwa, wale vijana walikuwa wazuri na mmoja wao akaja kumuuliza binti yangu amejuaje ile kona, naye akamwonesha mchoro. Mi ningemwambia auweke siri. Yeye alionesha tu.

Mvua ilikuwa imekatika tulipotoka. Tukala viazi karai barabarani, na ukwaju mwingi, yeye akala sahani yake na mi nkala yangu, sikumwongezea. Kwenye feri akatuma voisi kwa mamake, ndefu, sijui dakika 4, sikusikiliza yote lakini nlisikia "na baba alinipiga kabisa, kabisa mama" na mtu aliyekuwa pembeni akanitupia jicho, ikabidi nimweleze ni mchezo.

Nyumbani nyanya yake alikuwa anangoja na swali lake usoni. Binti hakusema neno la bunduki. Alichukua rimoti ya TV, akachukua simu yangu, akafungua kamera ya mbele, akamketisha nyanya yake kwenye mkeka. "Nyanya angalia hapa kwa simu, usiangalie rimoti." Akabonyeza. Kwa macho hakuna kitu, kwa simu kile kitaa cha mbele kikawa kinameremeta, cheupe chenye zambarau. Mamangu akatoa simu, akaangalia rimoti yenyewe, hakuna kitu. Akarudisha simu, ipo. Akafanya hivo mara nyingi, anabonyeza mwenyewe sasa, miwani imeshuka puani.

"Na hii ndo iliyokupiga?"

"Ndiyo nyanya," akasema, na akajinyoosha alipokaa. "Mara 14."