Likizo ya kuanua dagaa

Sijui nani alianzisha uongo kwamba mtu akifika kisiwani anapata utulivu. Chumba changu cha Nansio, Ukerewe, nililipia 80,000 kwa usiku kwa sababu kwenye simu niliambiwa kinatazama ziwa. Kinatazama kweli, ukipanda kiti cha plastiki na kuchungulia juu ya tangi la maji. Chini yake kuna baa: muziki mpaka saa nane usiku, halafu walevi wanaagana nusu saa nzima. Chai na chapati mbili, 6,000. Nilipolalamika, kijana wa mapokezi akasema, "Mama, hiyo ni bei ya watalii." Nikamuuliza mtalii hapa ni nani. Akajifanya anajibu simu.

Nina miaka 51. Daktari wangu wa Morogoro alinipima presha, akarudia, kisha akaniuliza mara ya mwisho nilipumzika lini. Sheria ya kazi inanipa siku 28 za likizo kwa mwaka, na kila mwaka zinaisha: harusi ya mtoto wa shemeji, msiba Kilosa, kumpeleka mama kliniki. Wanangu wakachanga nauli, wakaniambia niende popote pasipo na ndugu. Katika nchi hii hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Hata Mwanza nina mabinamu, kwa hiyo ilibidi nivuke maji.

Safari ya basi siisimulii, wanaoijua wanaijua. Ila meli! Kizazi chetu hakipandi chombo cha Ziwa Victoria hivi hivi. Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, nilikuwa msichana na tulishinda redioni. Septemba 2018 ikazama MV Nyerere, imebakiza kidogo tu kufika gatini Ukara, jirani kabisa na huko niliko­kuwa nakwenda. Basi nikakaa chini ya maboya na kuanza kuyahesabu. Bibi mmoja mwenye kuku kapuni akanitazama weee, akacheka: "Mwanangu, umekuja kusafiri au kukagua meli?"

Asubuhi moja, baada ya usiku mwingine wa baa, nikatoka alfajiri nikaufuata ufukwe mpaka mwaloni. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi, taa zake zimezimwa. Akina mama walishanunua kwa ndoo, wengine kwa mkopo, wanamwaga na kutandaza. Mwenye uwezo anaanika juu ya chanja ya nyavu. Asiye nao anaanika mchangani, na bei yake inakuwa ya chini maana mlaji hataki kutafuna mchanga. Nikapewa ndoo niikalie. Nikafunga macho, nijaribu yale ya semina ya kazini, vuta pumzi, shikilia, achia. Sijawahi kufika pumzi ya tatu kabla sijakumbuka ada.

Mchana ulikuwa haujafika upepo ukageuka. Maji yakawa meusi kule mbali, na mtu akapiga ukelele: "Anueni!"

Watoto walitokea sijui wapi. Mama mwenye kanga ya kijani akanigeukia: "Dada wa mjini, unaangalia nini? Shika huku!" Nikashika pembe ya wavu. Unakunja ncha nne kwa pamoja, unabeba mbio mpaka kwenye turubai, unamwaga, unarudi. Dagaa waliokauka nusu wananata viganjani, magamba yanapanda mpaka kwenye viwiko, na harufu yake inakukaa kooni. Kandambili moja ikabaki mchangani, sikuirudia. Wa kwenye chanja tuliwawahi karibu wote. Wa mchangani ndio kasheshe, unawakusanya kwa ufagio na mikono huku matone ya kwanza yanakupiga mgongoni, na yule wa kanga ya kijani ndiye aliyekuwa na eneo kubwa huko chini.

Waliolowa hawawi tena dagaa wa sokoni, wanakwenda kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Aliwatazama, akapiga hesabu ya mkopo kwa vidole, akasonya. "Haya, kuku nao wale." Akaenda kubandika chai.

Nilikaa kibandani kwake, nimelowa chapachapa, nikagundua simu sijaigusa tangu asubuhi.

Jioni ile nilihama hoteli. Nikapata chumba cha 15,000, choo cha nje, dirisha linatazama ukuta. Nililala fofofo.

Siku zilizofuata sina la kuzisimulia, maana mwezi ulikuwa umekua. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina mvuto, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inapandishwa ufukweni. Wanaume wanashona nyavu na kulala, wanawake wanasukana nywele. Nikauliza, sasa mnakula nini? "Tunakopa," akasema yule mama, wala hakupamba. Kisha akauliza, "Kwani ofisini kwenu hakuna mbalamwezi?"

Nilimkumbuka mama yangu, enzi zake za kulima Kilosa. Wakishavuna, alikuwa anakaa barazani, miguu ameinyoosha, anasuka mkeka taratibu, na hakuna aliyemwita mvivu. Mimi niliyesomeshwa kwa mikeka hiyo, nikikaa hivyo Jumamosi mchana najiona kama nimeiba kitu. Nitasimama nifute meza iliyokwisha futwa.

Wakati wa kurudi nilinunua kiroba cha dagaa wa chanja. Konda wa basi akakinusa, akataka 10,000 ya harufu. Harufu! Nikabishana naye stendi nzima ikisikiliza, nikatoa 5,000, kikaingia buti. Kabla hatujafika Singida abiria watatu walishaniuliza kama nauza.